Kondo Limekaa Mlangoni

Mimi kulala mchana sijui. Tangu nikiwa msichana, ukinikuta nimejinyoosha jua likiwa juu, ujue ama nina homa ama nimekufa. Kwa hiyo daktari aliponiambia, huku akiendelea kunifuta tumboni ile jeli ya baridi ya ultrasaundi, kwamba kuanzia siku hiyo kazi yangu ni kupumzika, nilimtazama vile ninavyomtazama mteja anayeleta kitambaa Ijumaa jioni akitaka gauni la Jumamosi.

"Kondo la nyuma limekaa chini," alisema. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye mikono midogo. "Lilitakiwa lijishikize juu, kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Lako limekaa mlangoni kabisa, pale mtoto anapopaswa kutokea. Wiki ya ishirini tuliliona, tukasema huenda litapanda. Sasa ni wiki ya thelathini na mbili na halijapanda hata kidogo."

"Limekaa tu," nilisema.

"Limekaa tu. Kwa hiyo mtoto tutamtoa kwa upasuaji, siku tutakayoipanga sisi, kabla uchungu haujaanza. Uchungu ukianza, mlango unafunguka, kondo linabanduka, na damu itakayotoka hapo haina mzaha."

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni na ovaroli lake la kazi. Ni fundi bomba. Alikunja uso, akainua kidole kama mwanafunzi.

"Daktari, ngoja nielewe. Njia kuu imezibwa."

"Ndiyo."

"Na kinachoziba ndicho hicho hicho kinacholeta maji ya matumizi ndani."

Daktari alifikiri kidogo. "Ndiyo, kinamlisha mtoto."

"Kwa hiyo hatuzibui. Tunapita pembeni."

"Tunapita mbele," daktari alisema, na sasa alikuwa anacheka. "Lakini umeelewa kuliko madaktari wanafunzi wangu."

"Na koki kubwa ya kufungia, pakivuja, iko wapi?"

Kicheko kiliisha. "Hiyo haipo," alisema daktari. "Ndiyo maana tunataka damu ya akiba, na ndiyo maana mke wako hatakiwi kukanyaga cherehani, kuinama, wala kubeba kitu. Na nyie wawili, mambo ya chumbani yasubiri mpaka mtoto azaliwe." Mume wangu akaanza kuchunguza dari kama vile kuna bomba linavuja huko. "Mkiona damu, hata tone moja, hata kama hapaumi popote, njooni mbio. Tumfikishe wiki ya thelathini na sita na siku chache. Ni mwezi mmoja tu."

Mwezi mmoja tu! Watu wanasema hivyo kwa miezi ya wenzao.

Lakini sikubisha, na wanaonijua wanajua kwamba mimi kutobisha ni habari. Tulikuwa na miaka saba ya ndoa na mimba mbili zilizoharibika, zote kabla hata sijaanza kupanua viuno vya nguo zangu. Huyu wa tatu alikuwa akinipiga mateke mpaka kikombe nilichokiweka juu ya tumbo kinacheza. Nilimtaka. Nilimtaka mpaka naogopa kulisema kwa sauti, na mimi si mtu wa kuogopa kusema kitu. Mtaani wananiita Mkasi, kwanza kwa sababu ya kazi, pili kwa sababu ya mdomo.

Kibanda chetu cha ushonaji tuko wawili, mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu. Kazi tumeigawa tangu siku ya kwanza: mimi nakata, yeye anashona. Cherehani anaijua mpaka inamtii, pindo lake hulioni hata ukivaa miwani. Ila mkasi ukimpa, anakurudishia. Sababu ni mwaka ule wa kwanza alipokata gauni la mke wa mchungaji, akakata mikono miwili yote ya kushoto. Satini ina uso na mgongo, ukisahau kugeuza kitambaa umekwisha. Nilimpa vidonge vyake siku ile, nikampa na vya akiba. Tangu hapo hakugusa mkasi tena, na mimi, nisiseme uongo, nilifurahi. Nilipenda kuwa mtu pekee anayekata.

Sasa ndiyo ikaja ile harusi. Magauni sita ya wasimamizi wa bibi harusi, satini ya kijani kibichi, na bibi harusi mwenyewe ni mwalimu wa michezo, sauti yake imezoea uwanja. Vipimo nilishachukua. Vitambaa vilishalowekwa na kupigwa pasi. Kilichobaki ni kukata tu.

"Wifi, kata wewe," nilimwambia, nikiwa kitandani kwangu siku ya nne ya kupumzika, nimeshahesabu mabati yote ya chumbani.

"Mimi? Hapana. Afadhali unitume nikamwambie bibi harusi aahirishe ndoa."

"Basi lete vitambaa hapa."

"Wifi, daktari kasema—"

"Kasema nisikanyage cherehani. Kasema nisiiname. Kasema kitu kuhusu kukata? Lete."

Alileta kwa shingo upande. Akatandika zile satini juu ya kitanda, sita kwa mpigo, akazibana kwa pini. Mimi nikapiga magoti juu ya godoro, tumbo likining'inia mbele, nikachora kwa chaki, nikashika mkasi. Jamani! Ule mlio wa mkasi unaokula kitambaa, kruu, kruu. Nilijisikia mtu tena. Vipande vya mbele vikaisha, nikaingia vya nyuma. Niliteleza nao kuanzia begani mpaka kiunoni bila kuinua mkono, nikapinda nyonga, nikafika chini, nikamwambia wifi, "Vuta tuone."

Akavuta. Vikaja vipande sita vya satini na kipande cha saba, cheupe chenye maua ya zambarau.

Tulikitazama. Wifi akainua shuka upande wake. Katikati ya kitanda, pale ninapolala na kaka yake, palikuwa na tundu lenye umbo kamili la ubavu wa gauni.

"Wifi," alisema taratibu, "umekata shuka."

"Shuka langu la harusi."

"Tumshonee nani sasa?"

Tulicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Nilicheka huku nimeshika tumbo kwa mikono miwili, machozi yananitoka. Na katikati ya kicheko nikahisi uvuguvugu mapajani. Nilidhani nimejikojolea, na hilo nalo likanichekesha. Kisha nikatazama chini.

Haikuuma. Hicho ndicho kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nywele zinanisimama. Hakuna kilichouma. Damu nyekundu, mbichi, ilikuwa inashuka kwenye godoro, na mimi sikusikia hata kubanwa.

"Piga simu kwa kaka yako," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo sana.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi mtaa wa pili. Alikuja na pikapu ya watu aliokuwa anawawekea tangi, wala sikumbuki kama aliomba ruhusa. Alinibeba peke yake. Njia nzima alikuwa anasema, "Tulia, Mkasi, tulia tu," na mimi nilikuwa nimetulia kama maji mtungini, naongea na mtoto kimoyomoyo. Nilimwambia nimekosa. Nilimwambia kama ni satini unaitaka nitakupa marobota, ila usiondoke.

Hospitali walinilaza, wakanitundikia dripu, wakasikiliza tumbo. Ule mlio wa moyo wa mtoto ulipotokea kwenye kile kimashine, haraka haraka kama cherehani iliyoshika mwendo, nililia kwa sauti bila aibu. Baada ya saa mbili damu ilikuwa imesimama.

Daktari alikuja kusimama miguuni pa kitanda. Wifi alishamsimulia kila kitu, maana wifi akiogopa mdomo unafunguka wenyewe.

"Ulikuwa unakata magauni," alisema daktari.

"Ndiyo."

"Umepiga magoti kitandani."

"Ndiyo."

"Na ukakata shuka."

Niliona pembe ya mdomo wake ikicheza, lakini alijikaza.

"Mama, nisikilize. Safari hii imetoka kidogo. Ya pili inaweza kuwa kubwa. Tumekuchoma sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, ikitokea dharura awe tayari. Lakini ni wiki ya thelathini na tatu tu. Kila siku anayokaa humo ndani ni faida yake, na kazi ya kumkalisha humo ni yako peke yako. Hapa hutoki mpaka siku ya upasuaji."

Nikalazwa. Mkasi mzima, wodini, kitanda cha dirishani, naamka kwenda chooni na kurudi, na kila nikisimama natazama kwanza sakafu. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yangu mpya. Miguu chini, macho chini, nione kama kuna tone. Hapana. Haya, twende. Nikirudi, tena. Usingizini nilikuwa naota vigae vya sakafu.

Na yale magauni? Vipande vya mbele na vya nyuma vilipona, satini haikuingia doa. Ilibaki mikono. Nilimwita wifi.

"Mikono utakata wewe."

"Wifi..."

"Utakata wewe kwa sababu mimi sikati tena mpaka huyu atoke. Ukiharibu, umeharibu. Hata ukikata suruali, sikuulizi." Nilijishangaa mwenyewe. Wiki moja kabla ningeondoka na dripu mkononi kwenda kumsimamia.

Alirudi siku ya tatu, macho yamemvimba, akaweka mfuko kitandani. Nilichungulia. Mikono kumi na miwili ya satini ya kijani, imekatwa vizuri, mistari imenyooka. Nikaupanga mmoja, nikapanga wa pili, wa tatu. Nikaendelea mpaka wa kumi na mbili.

Yote ya kushoto.

Zamani ningempa maneno ambayo nesi angeyaandika kwenye faili. Lakini nilikuwa nimeweka mkono tumboni, na mtoto akasukuma mkono huo, kama anauliza kuna nini. Na nikaona kwamba sina hasira. Zilikuwa zimekwenda wapi sijui.

"Wifi," nilisema, "kila gauni lina bega la kulia na la kushoto. La kushoto tia mkono. La kulia acha wazi, lizungushie ukanda mwembamba. Mwambie bibi harusi ndiyo mtindo."

"Na akikataa?"

"Mwambie mimi niko hospitali."

Bibi harusi hakukataa. Alikuja mwenyewe wodini na wasimamizi wake wanne, na sauti yake ya uwanjani, akasema mkono mmoja ndio alioutaka siku zote ila alikosa kuueleza. Sikuamini, lakini nilimpenda kwa kusema hivyo. Wifi, ambaye sasa alikuwa amepanda bei, akaegemea ukuta akakunja mikono.

"Mmeyapenda?"

"Tumeyapenda sana, dada."

"Basi hayatoki dukani mpaka mkatoe damu. Chumba kiko kule mwisho, mlango wa bluu. Wifi yangu anatakiwa awe na chupa za akiba, na kaka yangu ameshatoa yake."

Nilitaka ardhi ipasuke. "Wifi!"

"Nyamaza wewe, umelazwa."

Walitoa. Bibi harusi, wasimamizi wanne kati ya sita, na bwana harusi ambaye alikuja kumchukua mchumba wake tu, akajikuta amelazwa mkono umenyooshwa. Walirudi na pamba zimebandikwa kwenye viwiko, wanacheka, kila mmoja anadai yake ndiyo iliyotoka kwa kasi.

Mume wangu yeye alikuwa anakuja kila siku mchana na mkoba wake wa spana. Siku ya kwanza aliona bomba la sinki la wodi linadondosha, akatoa mpira uliochakaa akaweka mpya. Siku ya pili akatengeneza choo cha mwisho. Siku ya tatu manesi walikuwa wanampokea mlangoni na orodha. Wagonjwa wakampenda, mafundi wa hospitali wakamchukia kidogo, na mimi nikamtania kwamba amenileta huku ili apate tenda.

Alikuwa anacheka sana siku hizo. Kila kitu kilikuwa utani. Mchana mmoja niliamka, maana nilishajifunza kulala mchana, nikamwona amesimama kwenye sinki amenipa mgongo. Bomba lile alikuwa ameshalitengeneza wiki iliyopita. Alikuwa analifungua na kulifunga, kulifungua na kulifunga, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Bwana wewe," nilimwita.

Alijipangusa uso kwa mkono wa ovaroli kabla hajageuka. "Linavuja kidogo."

"Njoo ukae."

Alikaa. Nilimshika mkono ule mgumu wenye gundi ya mabomba kwenye kucha.

"Naogopa," alisema. "Sijawahi kufanya kazi mahali pasipo na koki ya kufungia."

"Na mimi naogopa."

Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Ilikuwa siku ya kwanza tunaambiana, na ajabu ni kwamba baada ya hapo utani wake ukawa mzuri zaidi.

Wiki ya thelathini na sita na siku nne, asubuhi, walinivika gauni la upasuaji, lile linalofungwa nyuma. Nililikagua. Mishono mibovu, kamba moja ndefu kuliko nyingine. Walinichoma ganzi mgongoni, nikaketi nimekumbatia mto, kisha miguu ikaanza kuondoka polepole kama watu wanaoaga. Wakaweka pazia kifuani ili nisione. Mume wangu wakamkalisha kichwani pangu, amevaa kofia ya plastiki, anaonekana kama mpishi.

"Daktari," niliuliza, "utashona tabaka ngapi?"

"Kadhaa," alisema kutoka ng'ambo ya pazia.

"Na la juu?"

"Mshono wa ndani. Uzi hautaonekana."

"Vizuri. Usivute sana, ngozi itajikunja."

Kuna mtu alicheka. Kisha nikasikia kuvutwa, si maumivu, ni kama mtu anatafuta kitu kwenye mkoba wangu. Mume wangu alikuwa ananibana vidole. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, na kwenye tano mtoto akalia. Sauti ya kudai haki yake. Kila mtu alicheka, na nesi akamleta mara moja usoni pangu, amekunja ngumi, ana nywele, ana hasira.

"Msichana," alisema nesi. "Kilo mbili na nusu na kidogo."

"Mkasi mdogo," alisema mume wangu, akaanza kulia waziwazi.

Wakati huohuo nilisikia sauti ya daktari ikibadilika. Haikupanda. Ilishuka, ikawa fupi. "Leteni damu. Mbili." Viatu vikakimbia. Mtu mmoja akainua mfuko mwekundu akautundika juu yangu, kisha mwingine. Baridi ilinipanda kutoka vidoleni. Mume wangu alikuwa anaitazama ile mifuko, midomo inacheza, na nilijua anahesabu kinachoingia na kinachotoka. Nilitaka kumtania na neno halikuja. Nikatazama mfuko nikajiuliza ni wa nani. Wa bibi harusi? Wa yule msimamizi mwenye kovu la chanjo kwenye bega la kulia? Damu ya watu waliokuja kuchukua magauni ilikuwa inaingia mkononi mwangu tone kwa tone, na mimi nilishikilia macho kwenye uso wa mtoto wangu, nikakataa kuyafumba.

"Imekamata," alisema daktari baada ya muda nisioujua. "Imesimama. Sasa nashona, Fundi. Tabaka la kwanza."

Kesho yake asubuhi nesi wa zamu, mrefu, mwenye mikono ya kunyanyua magunia, alikuja akafunua shuka.

"Haya mama, tunasimama."

"Tunafanya nini?"

"Tunasimama. Tunatembea. Damu isigande miguuni."

Nyie mnaonijua mtashangaa. Nilikataa. Mimi niliyepigania kusimama mwezi mzima nilishika chuma cha kitanda nikasema naomba nilale mpaka kesho. Nikasema kidonda kinauma, na kweli kiliuma, lakini sababu haikuwa hiyo. Mtoto alikuwa kwenye kitanda chake kidogo cha kioo, upande wa pili wa chumba, anatafuna ngumi.

Mume wangu alinielewa kabla sijasema. Akapitisha mkono mgongoni pangu, nesi akashika upande wa pili, wakaniteremsha miguu. Nikasimama, mkono kwenye mshono, macho nimeyafumba.

"Fungua macho," alisema mume wangu.

"Wewe tazama uniambie."

"Tazama mwenyewe."

Nikatazama chini. Miguu yangu miwili iliyovimba ilikuwa imekanyaga vigae vyeupe, na vigae vilikuwa vikavu. Nikasubiri kidogo. Vikavu. Binti yangu akaanza kulia kule upande wa pili, na mimi nikaacha kutazama sakafu, nikatembea kwenda kumchukua.